Safu Isiyo na Jina

Kipanya kilinikimbia wiki nzima.
Nilikikaba kama kisu cha kumenyea ndizi,
kikaruka hadi pembe ya kioo, kikajificha.
"Mama Ndeshi, legeza mkono," akasema Aikaeli,
mwalimu wangu, niliyemuuzia daftari zake
za darasa la kwanza.
Nikalegeza.

Darasa liko juu ya duka la betri, hapa Kiboriloni.
Kompyuta sita, moja haina herufi R.
Jumanne na Ijumaa, nikishashusha mlango wa duka.
Wenzangu ni vijana wanaotafuta kazi za hotelini,
na Kileo fundi magari, anayenawa mara tatu
na bado kibodi yake inanuka dizeli.

Mimi nilikuja na kauntabuku,
jalada limeungwa kwa plasta ya kidonda,
ndani mwandiko wa Elinami, marehemu wangu,
miaka kumi na tisa ya madeni.
Misumari kilo mbili. Sukari nusu. Mbolea mfuko mmoja.
Na pembeni maneno yake, madogo kama siafu:
*kahawa ikiuzwa.*
*mtoto kalazwa Mawenzi.*
*huyu usimuulize.*

Jina safu hii, kiasi safu ile.
Alama ya usawa, fungua mabano, buruta, bonyeza.
Ikajumlisha kabla sijameza mate.
Mimi niliyejumlisha kwa punje za maharage juu ya kaunta
niligeuka nyuma
kuona nani kaitonya.

Siku ya nywila Aikaeli aligeukia ukutani.
"Hata mimi usiniambie."
Nimezaa wanne, nimekaa na wakwe na mashemeji
chini ya paa moja,
sijawahi kumiliki kitu asichokijua mtu.
Nilifikiri muda mrefu.
Ina herufi tisa. Basi, mengine yangu.

Wiki ya tatu umeme ukakatika
nikiwa jina la arobaini na moja.
Sikuwa nimehifadhi.
Kileo alicheka gizani, kisha akanyamaza,
amekumbuka na yeye.
Siku hizi kidole kinahifadhi chenyewe,
hata nikiandika jina la mtu kwenye meza tupu.

Halafu nikafika ukurasa wa mwaka ule
upepo uling'oa mapaa kule Mbokomu.
Mabati manane. Jina. Hakuna bei.
Palipopaswa kuwa na bei, *huyu usimuulize.*
Nikayaandika maneno vilevile, mahali pa kiasi.
Mashine haikulalamika.
Ilimruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi,
ikaendelea kuhesabu wengine.

Aikaeli alikuwa amesimama begani kwangu.
Sikukumbuka, naapa, hadi nilipoisikia pumzi yake:
lile jina ni la mama yake.
Chini tukasikia mtu anabishania bei ya betri.
Alivuta kiti. Akakaa.
"Maneno hayajumlishiki," akasema,
sauti ya kufundisha, ila imepungua.
"Yahamishe. Yape safu yao."
"Niiite nini?"
"Iache hivyohivyo."

Ada ya mwezi aliipokea yote, akanipa risiti.
Nisingependa asipokee.

Sasa asubuhi, kabla ya chai, natuma bei za mbolea
kwa watu thelathini na wawili kwa mpigo,
na bando la wiki halijaisha.
Mmoja wa Uru Kusini ananijibu kwa picha ya kidole gumba,
nami najua hiyo ni mifuko mitatu.

Ila jumla yangu na ya Elinami
zimepishana shilingi mia tano.
Nimepita mstari kwa mstari, usiku wa jana na wa juzi.
Mashine inasema haijakosea, na naiamini.
Elinami naye hakuwa mtu wa kukosea.
Itakuwa ni biskuti.
Aliwapa watoto wa watu biskuti akidhani sioni.

Nimehifadhi.